Mkalimani wa Sinema za Krismasi

Bibi Sindano alikuwa akijisifu kwamba tangu azaliwe hajapata kudanganywa na mtu, awe wa nyama na damu au wa kwenye runinga. Akishamaliza kujisifu aliteremsha sauti na kuongeza mwenyewe: isipokuwa marehemu mume wake, aliyemwambia ana nyumba mbili, na yule muuza vitambaa, ambaye hariri yake iliyeyuka chini ya pasi, na daktari wa meno, aliyesema haitauma. Ukiwatoa hao watatu, na wengine wanne hivi, jicho lake halikosei.

Ndilo jicho alilomtolea Fundi Saa mwezi mzima wa Desemba.

Mambo yalianza na kasha. Mtoto wa kaka yake, baharia, alipita siku mbili, akala, akalala, akaondoka, akawaachia shangazi zake wawili kasha la sinema za Krismasi. Diski ishirini na nne, kila moja na namba yake, moja kwa kila siku kuanzia tarehe mosi mpaka mkesha. Zote za Kiingereza. Bibi Sindano aliishia shule ya msingi, na Kiingereza alichotoka nacho kilimtosha kuhesabu hadi ishirini na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alilitazama jalada la kwanza, lenye mbwa aliyevaa kofia nyekundu, akasema mtoto yule angeleta sabuni ingekuwa bora.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Keki kwa kazi yake ya kuoka, akasema anamjua mtu wa kuwatafsiria. Alisema hivyo huku anapepeta unga, bila kuinua macho, na hapo ndipo dada yake alipoanza kunusa jambo. Mtu asiye na lake akisema neno hukutazama.

Wawili hao walikuwa wakiishi pamoja mwaka wa sita sasa, tangu Bi Keki alipofiwa na mumewe akahamia kwa dada yake aliyetangulia kufiwa. Chumba cha mbele, ambako Bibi Sindano alishona nguo za watu miaka arobaini, ndicho kilichokuwa sebule: cherehani imefunikwa shuka dirishani, kochi moja la watu wawili, runinga juu ya meza ya kukatia vitambaa. Jikoni palikuwa pa Bi Keki. Kabla ya keki alifagia kliniki moja ya madaktari wa kigeni kwa miaka kumi na mmoja, akaacha mgongo ulipokataa kuinama.

Mkalimani akaja. Alikuwa mgane, mwembamba, shati limenyooshwa kwa pasi hadi linakata, na alitengeneza saa za mkono kwenye kibanda cha kioo ng'ambo ya barabara. Alisema Kiingereza alikiokota hotelini, alikofanya kazi ujanani. Bibi Sindano akamuuliza kazi gani. Fundi Saa akasema hoteli ilikuwa kubwa sana. Bibi Sindano akalihifadhi jibu hilo, kama anavyochoma sindano kwenye ukosi wa gauni lake ili akiihitaji aikute.

Basi ikawa kila siku saa kumi alasiri anafunga kibanda, anavuka, anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye kigoda pembeni ya runinga. Hakuketi kwenye kochi hata alipokaribishwa. Watu wa kwenye runinga wakisema, naye husema, kwa sauti nene ya kubembeleza ambayo hakuitumia kibandani. Bi Keki husikiliza mikono mapajani. Bibi Sindano husikiliza huku akikunja kwa mkono pindo za sketi za shule, kazi aliyobakiza ili vidole visilale.

Sinema ya kwanza ilikuwa ya yule mbwa. Kwa maelezo ya Fundi Saa, mbwa alikuwa wa mjane mmoja mpole, akapotea kwenye theluji, akaokotwa na fundi.

"Fundi wa nini?" Bibi Sindano akauliza.

"Wa saa," akajibu bila kugeuka. "Huko wapo wengi."

Mwanamume mwenye fulana akapita nyuma ya mjane, akafungua jokofu, akanywa maziwa kwenye chupa. Bibi Sindano akauliza huyo naye ni nani, maana mtu hanywi maziwa hivyo kwenye nyumba isiyo yake. Fundi Saa akasema ni kaka yake. Baadaye kidogo kaka akambusu mjane, na hakumbusu shavuni. Fundi Saa akakohoa, akasema ndugu wa huko wanapendana sana.

Hapo sindano ikasimama katikati ya pindo.

Lazima ieleweke Bibi Sindano alivyokuwa akishona. Mishono yake ilikuwa sawasawa, urefu mmoja na muda mmoja, wala haikuchoka wala kuharakisha. Aliweza kuchemsha chai kwa kuhesabu mishono na isifurike. Tangu siku ile akaanza kuwapima watu wa sinema kwa pindo. Kwenye sinema ya tarehe tano, ya abiria waliokwama na treni kwenye theluji, kondakta alifumbua mdomo kwa mishono miwili. Fundi Saa akamtafsiri kwa mishono kumi na minne, na ndani yake kulikuwa na upweke, na chai ya kunywa peke yako, na umri unavyokwenda. Kisha bibi mmoja mwenye kofia akasema kwa mishono thelathini, akilia, akionyesha dirishani, akifungua mkoba na kutoa barua. Fundi Saa akasema, "Amekubali."

Na haikuwa sinema moja. Kasha lile lilikuwa na sinema za Krismasi za kila namna, kana kwamba baharia alizichota kwa upawa bila kuchagua. Tarehe nane ilikuwa ya kutisha, ya mti wa Krismasi unaokula watu. Msichana alikuwa ameshamezwa mpaka kiunoni, anapiga kelele, na Fundi Saa akatafsiri kwa huzuni kwamba anasema laiti angeolewa mapema. Tarehe kumi na moja ilikuwa katuni ya bata aliyeogopa baridi. Bata akawa mjane. Tarehe kumi na saba ilikuwa ya kwaya ya wafungwa, sinema nzima hakuna mwanamke hata wa kupita njia, na Bibi Sindano akajiegemeza nyuma akisema leo tutaona. Fundi Saa akaona tatizo, akanyamaza mshono mmoja, akasema wafungwa wanaimba habari za mjane waliyemwacha kijijini.

"Wote ishirini, mjane mmoja?" Bibi Sindano akauliza.

"Ni wimbo, shemeji."

Na hilo neno shemeji, nani alimpa?

Sinema ikiisha walikuwa na desturi ya kuijadili juu ya keki, na hapo ndipo paliponoga. Bi Keki alizihukumu keki: ile ya harusi ilikuwa ya karatasi, kisu kiliingia bila kuvuta chembe hata moja, yule mama wa hoteli alipepeta unga juu ya sakafu, hajui jiko. Bibi Sindano alihukumu mavazi, akasema Baba Krismasi wa sinema zote amevalishwa koti lililokatwa na mtu mwenye deni naye, bega moja liko juu. Aliuliza pia kwa nini kila mwanamke wa sinema za mapenzi lazima amwagiwe kinywaji ndipo apate mume. Fundi Saa alizungumzia saa. Aligundua kwamba katika sinema za Krismasi mambo yote hutengemaa ikibaki dakika moja kufika saa sita, na kwamba ile saa ya ukutani kwenye sinema ya treni ilikuwa imekufa tangu mwanzo, mishale haikusogea. Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Bibi Sindano akakiri moyoni kwamba katika maneno yote ya mtu yule, ya saa alikuwa akiyaamini.

Tarehe kumi na mbili, kabla ya wafungwa, Bi Keki alikuwa ameshasema lile lililokuwa likipikwa. Fundi Saa amemposa. Anafunga kibanda mwaka mpya, anahamia mji mwingine, safari ya nusu siku, ambako binti yake amemjengea vyumba vitatu na jiko lenye dirisha. Anataka jibu siku ya Krismasi.

"Na wewe unasemaje?"

"Ningemkubali, dada. Lakini nitakuachaje na magoti hayo?"

Bibi Sindano akayashika magoti, akasema yasiwe kizuizi, yeye ataburuzika tu mpaka Mungu atakapokumbuka. Alisema kwa sauti ndogo sana.

Magoti yale yalikuwa na akili nyingi. Msimu wa mvua uliopita yaliuma kweli, akashindwa kushuka kitandani, na Bi Keki akamnunulia mkongojo, akaufunga karatasi ya gundi shingoni na kuandika namba yake ya simu, dada yake akianguka njiani watu wajue pa kupiga. Maana Bibi Sindano hakuwa na simu. Alisema zinaingilia maongezi. Baada ya wiki mbili magoti yakapona, na yeye akasahau kutangaza. Mdogo wake akaendelea kumletea chai kitandani. Akaendelea kukataa oda za keki za mbali. Jioni akawa anamkanda kwa mafuta ya moto, na anapomkanda wanaongea, na mtu akikukanda na kuongea nawe kila jioni ya Mungu, utaanzaje kumwambia aache?

Kwa hiyo hakulala vizuri tangu tarehe kumi na mbili. Alijiambia kwamba kinachomkera ni uongo. Mtu anayemgeuza bata kuwa mjane ili apate mke, akishampata atageuza nini? Alimtaka akamatwe mchana kweupe, mbele ya Bi Keki, jibu la Krismasi lipate kuwa fupi.

Tarehe ishirini na mbili Bi Keki akatoka asubuhi kupeleka keki tatu. Bibi Sindano akamwangalia mpaka akakata kona. Kisha akachukua mkongojo kwa ajili ya macho ya majirani, akatembea nao kwa kuchechemea mpaka mwisho wa mtaa, na alipoipita nyumba ya mwisho yenye mtu anayemjua akaubana kwapani kama jora la kitambaa, akaenda zake. Duka la sinema lilikuwa ghorofa ya nne ya jengo lenye lifti mbovu. Akazipanda ngazi zote akipumzika mara moja tu, kutazama viatu vya dirishani.

Muuza sinema alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, mwenye adabu. Bibi Sindano akamwambia anataka sinema ya Krismasi, yenye theluji na watu wazima, isiyo ya Kiingereza. Iwe ya lugha ambayo hata yeye muuzaji haijui. Yule bwana akafikiri, akapanda kwenye kiti, akateremsha moja ya zamani, picha nyeusi na nyeupe, kutoka nchi fulani ya barafu. Akasema imekaa pale miaka tisa na mteja pekee aliyewahi kuichukua aliirudisha siku ile ile. Bibi Sindano akaifurahia kama mtoto. Alishuka ngazi akiimba, na alikuwa ameshafika kwake, ameshaiingiza diski ile kwenye jalada namba ishirini na tatu, ndipo mkono wake ulipotafuta kitu cha kuegemea na kukuta hewa.

Mkongojo ulikuwa umebaki kaunta.

Bi Keki aliporudi alimkuta dada yake akitembea kwa kushika ukuta. Akauliza mkongojo uko wapi. Bibi Sindano akasema uko chini ya kitanda, leo anajaribu kuta. Bi Keki akazitazama kuta, akamtazama dada yake, akaenda kuosha mabati ya keki.

Kesho yake saa tano Bibi Sindano alijilaza. Alisikia mlango ukigongwa, na sauti ya Bi Keki ikiongea na mtu barazani, chini chini. Akatega sikio lakini usingizi wa uongo una ubaya mmoja, ukiudumisha sana unakuwa wa kweli.

Saa kumi wakaketi. Diski ikaingia. Theluji ikaanguka, nyeupe juu ya nyeusi. Mwanamume mwenye ndevu akatoka kwenye nyumba ya mbao na taa mkononi, akamkuta mwanamke kisimani, akasema neno.

Lilikuwa neno la ajabu, limejaa koo, kama mtu anayemeza mfupa. Bibi Sindano alikuwa amekunja pindo mpya na sindano tayari. Fundi Saa akanyamaza. Mshono wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Bibi Sindano akaona ukingo wa sikio lake ukiwa mwekundu, akajua mtego umebana.

"Anamwambia," Fundi Saa akaanza taratibu, "ndoo hiyo ni nzito kwa mtu mmoja."

Akaenda nayo hivyo, na ikabidi Bibi Sindano akubali kwamba siku ile alivuka mipaka. Mwanamke wa kisimani akamjibu kwamba ana dada yake ndani, hawezi kwenda popote. Mwanamume akasema nyumba anayoijenga ina mlango mpana, dada naye anapita. Bi Keki alikuwa hapepesi macho. Bibi Sindano akauliza, kwa upole wa sumu, kama leo Kiingereza chao si kigumu kidogo. Fundi Saa akasema ni cha watu wa milimani, kina lafudhi.

Basi akaichoma sindano kwenye mkono wa kochi.

"Fundi, hicho si Kiingereza. Cha milimani wala cha bondeni. Aliyeiuza anasema lugha hiyo hata yeye haijui. Umetukalisha hapa siku ishirini na tatu unatushonea nguo ya vitambaa ulivyookota."

Yule mwenye ndevu akaendelea kumeza mfupa. Fundi Saa akapunguza sauti ya runinga. Hakujitetea. Alisema Kiingereza chake kinaishia mgongoni mwa saa: anajua kusema haiingii maji, na imetengenezwa wapi. Hotelini alikuwa dobi. Alimwambia Bi Keki, siyo Bibi Sindano, kwamba siku aliyoulizwa kama anaweza kutafsiri alitaka kusema hapana, ila hapana ingemrudisha kibandani.

Bibi Sindano akamgeukia mdogo wake, tayari kuvuna matunda ya mtego wake. Bi Keki alikuwa anakata keki.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mbwa. Dada, miaka kumi na mmoja kliniki, wale madaktari wakipiga soga kutwa. Ulidhani nafagia huku nimeziba masikio?"

"Na ukakaa kimya?"

"Zile sinema zenyewe zilikuwa mbaya. Za kwake zilikuwa nzuri." Akampa Fundi Saa kipande, naye akakipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyehukumiwa akaachiwa mlangoni. "Sasa niambie wewe. Ulijuaje kwamba si Kiingereza?"

"Nimeshasema. Aliyeiuza ameniambia."

"Amekuambia wapi?"

Bibi Sindano akaliona shimo akiwa tayari hewani. Akasema alimpigia simu.

"Simu ya nani?"

Akasema ya jirani. Bi Keki akauliza jirani yupi. Akasema yule wa kona. Yule wa kona alikuwa amesafiri tangu Novemba, na walimsindikiza wote wawili mpaka stendi, Bibi Sindano akiwa amebebwa kwenye toroli la mizigo kwa sababu ya magoti.

Bi Keki akafuta mikono, akaenda dirishani, akasogeza pazia. Nyuma ya cherehani ulikuwa umesimama mkongojo, na karatasi yake shingoni, na namba yake ya simu.

"Bwana wa duka la sinema ameuleta saa tano," akasema. "Anasema alikuita mpaka akakauka koo, lakini ulikuwa umeshafika ghorofa ya kwanza. Mama yake ana magoti. Anaomba umtajie dawa."

Bibi Sindano akautazama mkongojo kama haujui. Akasema fimbo zote zinafanana. Akasema, basi, jana aliamka na nafuu kidogo, nafuu ya siku moja, na leo magoti yamerudi mabaya kuliko mwanzo, hata hapa alipo hayasikii. Akaendelea kunong'ona, hasa na pindo la sketi, maneno yasiyoshikika.

"Anasemaje?" Bi Keki akamuuliza Fundi Saa.

Fundi Saa akaweka keki chini. Akamtazama Bibi Sindano kama alivyozitazama sinema zote, kichwa upande, akisubiri midomo ikome. Mshono mmoja, miwili.

"Anasema hataki kunywa chai peke yake."

"Sikusema hivyo," Bibi Sindano akasema, na kwa hasira akainuka kwenye kochi, wima, mara moja, bila kushika ukuta wala mtu, akasimama pale katikati ya sebule kwa miguu yake miwili, nao wote watatu wakayatazama magoti.